Pipa la Kuoshea Maganda

Kabla sijajua kusoma saa niliitambua asubuhi kwa harufu ya mikono ya Papa. Ilikuwa harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, imechanganyika na ile ya sarafu iliyokaa mno katika kiganja chenye jasho. Tuliishi Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, katika vyumba viwili vya uani vilivyopakana ukuta na duka la mikate la Wareno. Jua lilipochomoza harufu hizo mbili ziligombania mlango wetu, mkate wa moto kutoka kwa jirani na baruti kutoka kazini kwa Papa. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye uwanja wa kulengea shabaha, nje kidogo ya mji, nyuma ya vilima vya mchanga vilivyoachwa na machimbo ya dhahabu. Alinawa kwa sabuni ya kipande, akanawa tena, ndipo akanishika kichwa na kuniuliza nimeota nini. Nilipoanza kumjibu alikuwa amekwisha kusinzia kitini. Papa yangu niliyekua naye alikuwa mtu anayelala mchana.

Wanachama wa uwanja ule hawakutupa maganda ya risasi walizokwisha kupiga. Ganda la shaba halifi kwa mlio mmoja. Likisafishwa vizuri hutiwa fataki mpya kwenye kitako, baruti mpya tumboni na kichwa kipya mdomoni, likarudi kazini. Wenye bunduki zao na vibali vyao walifanya kazi hiyo wenyewe, kwa subira kama ya watengeneza saa, ila karibu wote walichukia hatua ya kwanza, kuondoa masizi. Papa ndiye aliyekuwa akiyaokota maganda sakafuni kabla ya kukabidhi lindo. Alipenda kusema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wake ulikuwa na ushahidi. Basi majira ya baridi nilipokuwa darasa la tano, Mzee Tavares, Mreno mwenye nyusi nene aliyekuwa katibu wa uwanja, alimwambia kwamba mtu aliyekuwa akiwasafishia maganda amehama. Kama Papa angeleta ndoo moja ya maganda yaliyo safi ndani na nje, na Mzee akaridhika, kazi yote ya kuyasafisha ingekuwa yake. Ingekuwa kazi ya mchana, ya kufanyia nyumbani. Mama aliposikia hakuuliza malipo. Aliuliza, "Kwa hiyo utalala hapa?" Papa akasema angelala hapa. Nami nikaanza kuitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mama alijitwalia ndoo ya kwanza. Kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, sufuria ni uso wa mwanamke. Husuguliwa kwa majivu na mchanga ziwani hadi mpita njia aone meno yake ndani yake, kisha huanikwa nje kwa makusudi, ili majirani wasome tabia ya nyumba. Mama aliibeba desturi hiyo hadi Johannesburg. Sufuria zake zilining'inia kwenye uzio wa uani kama medali, na wateja wa duka la mikate walizitazama wasielewe wanaambiwa nini. Aliyachukua maganda kama alivyochukua sufuria. Aliyasugua kwa majivu, akakamua malimau, akaongeza siki, akayaloweka usiku kucha ili, kwa maneno yake, limau lifanye kazi wakati sisi tumelala. Asubuhi alipoyasuuza yaling'aa hata mdogo wangu Amani, aliyekuwa bado anatambaa, alinyoosha mkono kuyataka. Papa aliondoka na ndoo akiwa amevaa shati la kanisani.

Alirudi na ndoo ileile. Mzee Tavares alikuwa amegeuza ganda moja kwenye mwanga wa dirisha na kumwonyesha mabaka ya waridi, rangi ya ufizi wa mtoto. Shaba ya maganda, alieleza, ni ndoa ya shaba nyekundu na zinki. Tindikali ikikaa nayo muda mrefu humla mmoja wa wanandoa, na anayebaki huwa dhaifu. Ganda dhaifu linaweza kupasuka ndani ya bunduki, sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtu. "Mwambie Mama Riziki," alisema, na Papa alituigizia zile nyusi alipokuwa akisimulia, "hizi si ndizi za kupika. Amezivunja nguvu, nazo zinacheka kwa kung'aa." Riziki ni mimi. Mama alilichukua ganda, akalikagua kama anayemkagua mkwe. Kisha akasema, "Basi kungʼaa kumbe si usafi. Hilo hakuna aliyeniambia tangu niolewe." Mzee hakuwa amefunga mlango. Alimpa Papa hadi mwisho wa baridi alete ndoo nyingine, na akamshauri atafute mashine.

Nyumbani kwetu kitu hakikununuliwa bila baraza. Baada ya chakula cha Jumapili mchana kila mtu alisema lake, kuanzia mdogo, kwa sababu Papa aliamini kwamba mtoto akisikia kwanza maoni ya wakubwa hana tena maoni, ana mwangwi tu. Tulikuwa na akiba ya kutosha kosa moja, si makosa mawili. Mashine zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni beseni la chuma linalotetemesha maji kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Husafisha hadi ndani kabisa, lakini hubeba maganda machache kwa mara moja, na bila umeme ni beseni tu, nasi wakati huo tulikatiwa umeme kwa zamu mtaa baada ya mtaa. Ya pili ni bakuli linalotikisika, linalojazwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi huyasugua maganda makavu kwa makavu, hakuna maji, hakuna kukausha. Ya tatu ni pipa linalozunguka polepole, lenye maji, sabuni ya vyombo na sindano fupi za chuma kisichoshika kutu. Hilo lilitaka maji mengi na jua la kukaushia, na bomba letu lilikuwa na siku zake za kususa.

Kaka Deo, fundi cherehani Mrundi aliyekuwa akishona kwenye baraza ya nyumba ya mbele, alikuja na jawabu kabla hatujamaliza kuuliza. Alikuwa na bakuli la kutikisa, amelipata kwa mtu aliyehamia Durban, na alikuwa tayari kutuuzia kwa bei ya kidugu. "Eish, Papa Riziki, hii kitu ni sharp," alisema huku akilipapasa kama mbuzi wa mnadani. "Unawasha, unakunywa chai, unarudi, kazi imeisha. Mnataka maji ya nini, mnabatiza maganda?" Akatuachia ili tulijaribu wiki nzima. Tuliliweka jikoni, palipokuwa na soketi, karibu na mkeka wa Amani kwa sababu mngurumo wake ulimlaza.

Lilifanya kazi. Lazima niseme hivyo, maana ningeweza kuisimulia hadithi hii kana kwamba mashine ile ilikuwa mbovu, na haikuwa. Magunzi yale ya mahindi, ambayo kwetu ni kuni za maskini, yalirudisha rangi ya maganda bila kuyaacha na baka hata moja. Mama alifurahi. Papa alikuwa amekwisha kumwambia mlinzi mwenzake ajiandae kufanya lindo peke yake. Mimi nilikuwa nikihesabu kichwani mambo ambayo ningemsimulia Papa jioni, moja baada ya jingine, na yeye yuko macho.

Tatizo langu ni kwamba nilikuwa mtoto anayeuliza. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ameniomba kwa upole nimpumzishe. Alasiri moja ya wiki ile, Kaka Deo akiwa amekuja kusikia uamuzi na mashine ikinguruma, niliona magunzi yaliyotiwa yakiwa meupe sasa yamekuwa ya kijivu. Nikaona pia kwamba kidirisha cha jikoni, ambacho Mama alikifuta asubuhi, nacho ni cha kijivu. Nikasema, "Masizi yakitoka kwenye maganda yanakwenda wapi?" Kaka Deo akacheka. "Yanakufa, bibi mkubwa. Ulitaka tuyafanyie mazishi?" Nikamwambia uchafu haufi, unahama. Akamgeukia Papa. "Huyu mmemzaa au mmepewa na mahakama?"

Wote walicheka, hata Mama. Papa hakucheka. Alivuka jikoni, akachomoa waya ukutani, na ukimya ulipoingia akachuchumaa mbele yangu. "Sasa nakusikia," alisema. "Endelea." Nilitamani kunyamaza. Nilijua kitakachofuata kama swali langu lina maana: Papa angerudi lindoni, na baridi ilikuwa inakwisha. Lakini alikuwa amezima mashine, na mtu akikuzimia mashine huwezi kumjibu kwamba ni basi tu. Nikamwonyesha dirisha. Mama akachukua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akafuta dirisha, akafuta rafu ya vikombe, halafu, taratibu, akafuta mkeka wa Amani. Kitambaa kilitoka na kijivu sehemu zote tatu. Kaka Deo akavua kofia.

Kesho yake Papa alimuuliza Mzee Tavares. Mzee alijishika paji la uso. Fataki inapolipuka huacha vumbi la madini ya risasi, ile metali nzito inayoharibu damu na akili, na huwaharibu zaidi watoto wadogo. Bakuli lake yeye lilikuwa bandani, mbali na nyumba, na hulifunika na kuvaa barakoa. Hakuwaza kutuambia kwa kuwa hakuwaza kwamba mtu angeliweka jikoni, na hakuwaza jikoni kwa kuwa hakuwahi kuishi katika vyumba viwili na mtoto anayetambaa. Papa alimrudishia Kaka Deo mashine yake jioni hiyohiyo, kabla ya kwenda lindoni. Nilikuwa mlangoni. Mama alikuwa ndani anadeki kwa maji, anadeki tena, na nilikuwa na huzuni kiasi kwamba nilidhani nimeiua kazi ile kwa mdomo wangu.

Baraza la Jumapili iliyofuata lilikuwa fupi. Maji hulishika vumbi, na hilo peke yake lilitosha kuchagua. Mashine mpya ya pipa hatukuweza kuinunua, kwa hiyo Papa na Kaka Deo, ambaye tangu siku ya kitambaa alikuwa ameacha kunitania, waliitengeneza uani. Walitumia ndoo nene ya rangi yenye kifuniko cha kukaza, wakaibandika mbao ndani ili maganda yapande na kuanguka badala ya kuteleza, wakaizungusha kwa mota ya waipa kutoka kwenye teksi iliyokufa. Mota ya waipa hula betri ya gari. Umeme ulipokatwa mtaa mzima, pipa letu liliendelea kuzunguka, na sauti yake ilikuwa ya mvua inayonyesha ndani ya debe. Akiba yetu ilikwenda kwenye sindano za chuma. Maji machafu Papa aliyafungia katika dumu na kuyapeleka uwanjani, walikokuwa na pipa la taka za namna hiyo. Hata boga alilolipanda Mama uani halikuonjeshwa maji hayo. Mzee Tavares aliruhusu ncha ya kijiko ya chumvi ya limau, kwa muda mfupi, na Mama akatangaza kwamba limau lake lilikuwa na haki tangu mwanzo, lilizidishiwa saa tu.

Kazi yangu ilikuwa ya mwisho. Maganda yaliposuuzwa na kukaushwa juu ya mabati, katika lile jua kavu la baridi ya Johannesburg lisilopasha mwili lakini linalokausha kila kitu, nilivaa glavu na kulichungulia kila moja kama darubini, kuhakikisha hakuna sindano iliyonasa kwenye tundu dogo la kitako, lililoachwa wazi fataki kuukuu ilipotolewa. Ganda lililo wazi lilinionyesha kipande cha mbingu. Lililoziba lilikuwa giza. Sijawahi tena kupewa kazi ambayo ukweli wake unaonekana upesi namna hiyo.

Mzee Tavares alipopokea ndoo alisema maganda haya hayang'ai kama yale ya limau. Papa akamjibu, "Hayang'ai. Ni safi." Mzee akasokota pamba, akaiingiza ndani ya ganda, akaitoa nyeupe. Akaokota jingine, na jingine, akayachungulia kwenye dirisha lake. Kisha akauliza nani aliyeyakagua, na Papa akasema, "Hakimu wetu." Usiku wa kwanza aliolala nyumbani sikumsimulia chochote kati ya niliyoyapanga. Nililala nikisikiliza akikoroma, na nilijivuna kama mtu aliyejenga nyumba.

Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Maganda yaliyotupwa na bunduki za wengine yametusomesha. Amani ni mrefu kunizidi sasa, hujibu Kiswahili cha Mama kwa Kizulu, na ni mwerevu wa hesabu kupita kiasi. Mimi nina shahada ya kemia na kazi katika maabara inayopima maji, na sijaacha kushuku, hata hadithi yangu mwenyewe. Huenda vumbi lile lilikuwa kidogo. Huenda wiki moja isingemdhuru mtu. Mwaka jana nilimuuliza Papa kama siku ile aliniamini. Alifikiri huku akiikaza skrubu ya pipa la tatu, maana mawili ya kwanza yalizeeka. "Sikujua kama una haki," alisema. "Nilijua umeuliza."

Nimekaa tangu hapo katika vikao vingi, vyenye meza ndefu na watu waliosoma. Nikiuliza uchafu unahamia wapi, huniambia kwa adabu kwamba ni swali zuri na watalitazama, na kikao kinaendelea, na mashine zinaendelea kunguruma. Siwachukii. Nawapima tu, kwa kipimo nilichopewa jikoni Rosettenville na mlinzi wa usiku aliyekuwa anataka sana kulala kwake. Yeye alizima mashine kwanza, ndipo akaniambia niendelee.