Upande wa Pili wa Karatasi ya Dawa

Karatasi ile ilikuwa imekunjwa mara nyingi hata ikawa ndogo kama hirizi. Mama mdogo aliitoa ndani ya kiboksi, akaikunjua juu ya meza, akaikunjua tena, na tena, mpaka ikaning'inia pembeni. Maandishi yake yalikuwa madogo kama chenga za mchele. Akacheka.

"Hili karatasi au kanga? Haya, msomi wangu, nisomee. Linasemaje?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Shaaban ndiyo kwanza inaanza. Binti mkubwa wa mama mdogo, anayefanya kazi Maskati, alikuwa amempa mzigo mtu aliyekuwa anakuja Tanga: halua, udi, mitandio miwili, na thamosi iliyojaa barafu. Ndani ya barafu mlikuwa na kalamu mbili za sindano ya kupunguza mwili.

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi yuko Mwera, shambani, na mimi nililetwa Chumbageni kwa mdogo wake nikiwa darasa la kwanza ili nisome mjini. Sijaondoka mpaka leo, ukiacha miaka mitatu ya chuo. Mama mdogo ni mpishi wa shughuli. Ukiozesha mtaani kwetu, au ukifiwa, au ukimtoa mtoto arobaini, pilau lako huenda limepita mikononi mwake. Ni mnene, na magoti yake yamechoka kuubeba mwili huo mbele ya moto. Presha pia anayo. Kila asubuhi humeza vidonge viwili, na kimoja kati ya hivyo kinampeleka chooni mara kwa mara.

"Mie si daktari, mama mdogo," nikamwambia. Shahada yangu ni ya mipango ya maendeleo vijijini, na nimeirudisha nyumbani bila kazi.

"Weye umesoma Kizungu miaka mitatu. Soma."

Nikasoma. Upande wa kwanza ulikuwa na michoro: namna ya kufungua, namna ya kuchoma tumboni au pajani, mara moja kwa wiki, siku ileile. Iwekwe kwenye friji, isigande. Nilieleza vizuri mpaka nikajiona wa maana. Kisha nikaigeuza karatasi.

Upande wa pili haukuwa na mchoro hata mmoja. Mweleze daktari dawa nyingine unazotumia. Unaweza kupata kichefuchefu na kutapika, na ukitapika mwili hukaukiwa maji, na mwili ukikaukiwa maji figo huweza kuumia. Kunywa maji ya kutosha. Ukipata maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, acha dawa uende hospitali. Niliyasoma yote kimoyomoyo, mstari kwa mstari. Nilipoinua macho nikamkuta ananitazama usoni.

"Mbona umenyamaza? Inaua?"

"Hapana. Kichefuchefu tu, siku za mwanzo."

"Kichefuchefu nakijua. Nimezaa wanne." Akaanza kuikunja karatasi, na hakuweza kuirudisha ilivyokuwa, akaikunja ovyo. "Kwenye picha ya harusi yako, mie nataka nisimame mbele."

Alisema kwa utani. Mimi macho yakanienda ukutani.

Ukutani kwetu, juu ya televisheni, kuna picha ya mahafali yangu ya mwaka juzi. Mama mdogo alisafiri na mjomba kwa basi kutwa nzima mpaka Dodoma, kashonesha gauni la zambarau, kajitia hina mikononi kama bibi harusi. Mpiga picha alipokuwa anatupanga, wenzangu wa darasa walikuwa wamesimama karibu, wasichana wembamba wenye visigino virefu. Mmoja alimwangalia mama mdogo kisha akamwangalia mwenzake. Basi. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema.

"Mama mdogo, rudi nyuma kidogo, utaziba watu."

Akarudi. "Haya, mie ukuta wenu," alisema, na watu wakacheka. Katika picha unaona uso wake tu, katikati ya bega langu na bega la mjomba. Gauni halionekani. Hina haionekani.

Hakuwahi kulitaja jambo lile. Na mimi, kwa kuwa hakulitaja, sikujua ningeombaje radhi. Kwa hiyo aliponiambia anataka kusimama mbele, mtu ambaye mimi mwenyewe nilimrudisha nyuma, ningesimamaje tena nimwambie hapana, na hili nalo liache? Ndivyo nilivyojiambia. Niliufunika upande mzima wa karatasi kwa maneno machache, nikauita huo upendo.

Alijichoma Ijumaa ya kwanza baada ya Magharibi, mimi nikiwa nimemshikia tochi ya simu. Kalamu tukaificha kwenye friji nyuma ya chupa ya achari. Ikawa siri yetu, kwa sababu hakutaka mtaa useme kwamba anajikondesha uzeeni.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilisoma mtandaoni kila nilichokikuta. Daktari mmoja alieleza kwamba dawa hizi zimewasaidia watu wenye kisukari na wenye mioyo iliyochoka. Mwingine akalalamika kwamba watu wanazinunua kiholela kwa ajili ya kupendeza, na wagonjwa wenyewe wanazikosa. Mama mmoja alilia kwenye video kwamba nusura afe. Mwingine alicheza muziki kwenye video akionyesha suruali yake ya zamani. Nilikwenda duka la dawa nikauliza kana kwamba namuulizia rafiki. Muuzaji akanitazama mwili mzima, nilivyo mwembamba, akasema, "Rafiki yako aje mwenyewe, tena aje na cheti cha daktari." Nikatoka nikiona aibu. Mambo yote haya nilikuwa nayajua, na nyumbani sikuyatoa.

Shaaban ni mwezi wa harusi. Watu hukimbizana kuoza kabla ya mfungo. Wiki ya tatu mama mdogo alikuwa na shughuli kubwa, nami nikaenda kumenya vitunguu. Msaidizi wake wa miaka mingi, mama wa Kibondei mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alikuwa anachambua mchele na wanawake wengine, na mazungumzo yakaangukia bibi harusi.

"Kakonda vile kwa sindano, wallahi. Siku hizi wanachomwa."

"Sindano? Na akiacha je? Si atafumuka kama andazi!"

"Afadhali hiyo sindano," mwingine akajibu. "Shoga yangu alikunywa siki na ndimu mwezi mzima, tumbo likawa kidonda. Mwenye sindano angalau daktari anamjua."

"Daktari gani? Wanaletewa kwenye mabegi na nguo!"

Wakacheka. Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa ameinamia sufuria anageuza vitunguu, kama vile hasikii.

Yeye huonja kwa namna yake. Huchota supu ya pilau kwa upawa, akadondosha tone kwenye kiganja, akalilamba, akafumba macho. Akiyafumbua anajua chumvi pungufu kiasi gani. Sijawahi kumwona akionja mara mbili. Siku ile alidondosha tone, akalipeleka karibu na mdomo, kisha akageuza shingo na kutema mate pembeni. Harufu ya vitunguu na nyama ilikuwa imemshinda. Akajifuta kiganja kwenye kanga.

"Njoo uonje weye," akaniambia polepole.

Nikaonja. Nikafikiri. Nikaonja tena. Kwanza niliona imezidi, kisha nikaona imepungua, kisha sikujua tena chumvi inafananaje.

"Sawa," nikasema.

"Sawa ya namna gani?"

"Sawa tu."

Mchana, kwenye sinia za upande wa bwana harusi, watu waliomba chumvi. Walikuwa waungwana, waliomba kwa sauti ya chini. Lakini mama mdogo aliwasikia. Alikaa juu ya kibao chake jikoni, mikono mapajani, na msaidizi wake akamwambia, "Mkono wako umepatwa na nini leo, mwenzangu?" Pale ningeweza kusema. Nilikuwa na karatasi yote kichwani. Nikajiambia nisubiri kidogo, mwili utazoea.

Ramadhani ikaingia, na hapo ndipo kila kitu kilipojificha vizuri. Nani atashangaa kwamba mtu hali, katika mwezi ambao hakuna anayekula? Mchana hakuwa na njaa. Magharibi alifungua kwa tende moja na vijiko viwili vya uji, akausukuma mbali muhogo wa nazi alioupika mwenyewe. Daku haamki. "Sina njaa, niamkie nini?" Alitapika mara mbili nilizozisikia. Gauni lake la nyumbani likaanza kumpwaya, na majirani wakamsifu: mwaka huu umeishika saumu kweli, uso una nuru.

Mimi nilikuwa nahesabu glasi za maji. Moja. Siku nyingine nusu.

"Kunywa maji, mama mdogo."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Kunywa tu kidogo."

"We mtoto, maji yamekufanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Nikaiosha glasi.

Katika kumi la pili, nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi, alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nilisikia mlio wa kukuna ukikatika. Nilipotoka uani nilimkuta ameangukia ubavu, nazi iliyokunwa imemwagika kwenye mkono, midomo imekauka na kupasuka.

Hospitali walimtundikia maji mara moja. Daktari alikuwa mwanamke, Msambaa kwa lafudhi yake, mpole, mwenye macho ya uchovu.

"Shikamoo, mama. Unatumia dawa gani?"

"Marahaba. Za presha tu," mama mdogo akasema, na macho yake yakanigeukia, akanitazama kama tulivyotazamana tulipokuwa tunaificha kalamu.

"Hakuna nyingine?" Daktari sasa alikuwa ananiuliza mimi.

"Sijui," nikasema.

Nimewahi kudanganya kabla ya hapo na nimedanganya baada ya hapo, lakini neno hilo moja bado nalisikia kwa sauti yangu mwenyewe, likiwa limetoka jepesi hivyo.

Asubuhi daktari alirudi na majibu. Figo zilikuwa zimeumia. Mkojo ulikuwa mchache, na presha, ambayo siku zote ilikuwa juu, sasa ilikuwa chini mno. "Saumu peke yake haifanyi hivi," alisema. "Kuna kitu sikioni." Msaidizi wa mama mdogo alikuwa ameshafika, kaleta chupa ya uji. Nilimtazama mama mdogo. Alitikisa kichwa kidogo sana, kwamba nisiseme. Nikasema.

Nilisema yote mbele yao: kalamu, achari, Ijumaa. Mama mdogo akageukia ukuta.

"Sindano? Weye?" msaidizi akasema, chupa ya uji mkononi. "Ndiyo maana lile pilau..." Akajikatisha.

Daktari hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema dawa yenyewe si sumu, kwamba anao wagonjwa inaowafaa, na kwa magoti yale na presha ile huenda hata mama angefaa kupewa. Lakini mtu hupimwa kwanza, anafuatiliwa, na kile kidonge cha kupunguza maji mwilini kingeangaliwa upya, na habari ya kufunga ingezungumzwa kabla ya mwezi kuandama.

"Nani aliwasomea maelekezo?"

"Mimi."

"Uliyasoma yote?"

"Ndiyo," nikasema, na ilikuwa kweli.

Alilazwa siku sita. Figo zilirudi taratibu, ingawa anatakiwa kupimwa tena na tena. Siku za saumu zilizobaki hazikufungwa, na hilo lilimuuma kuliko sindano za hospitali. Idi tuliila kimya. Alikuwa ananisemesha mambo ya nyumba tu: maji yamekatika, mlango haufungi, mrudishie jirani sahani yake.

Wiki iliyofuata, baada ya Adhuhuri, aliniita sebuleni. Karatasi ilikuwa mezani, imekunjuliwa, kainyoosha kwa kiganja.

"Alhamisi narudi kliniki. Daktari kasema tutazungumza kama niendelee au niache. Nataka niende nikijua. Soma. Upande ule."

Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho. Nilipofika kwenye maji na figo aliinua mkono.

"Hapo. Rudia."

Nikarudia.

"Siku ile hili ulikuwa umeliona?"

"Nililiona."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa nimejiandalia sababu tangu hospitalini, sababu nzuri, zilizopangika. Hakuna iliyokuja. Nikatazama juu ya televisheni.

"Kwa sababu ya ile picha. Nilikurudisha nyuma kwa sababu nilikuonea aibu mbele ya wale wasichana. Ulipotaka dawa, nikashindwa kukukatalia."

Mama mdogo akaigeukia picha. Aliitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta uso wa mtu fulani ndani yake.

"Kumbe ulikusudia," akasema. "Mie siku zote nilidhani ni mambo ya mpiga picha. Nikasema mtoto hakuwa na habari."

Nilikuwa nimemtwisha kitu ambacho yeye hakuwa amekibeba.

Akajivuta kitini, akajishika goti, akaigeuza shingo kutoka ukutani.

"Haya, endelea," akasema, bila kunitazama. "Karatasi haijaisha."

Nikashusha kidole mpaka kwenye mstari uliofuata, nikaendelea kusoma.