Kilio Nilichokiweka Hadi Likizo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikipita mtaa wa Satwa, huku ughaibuni. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, napiga pasi katika chumba cha udobi cha hoteli moja kule Marina, nikaenda kwa Bi Zuhura, fundi cherehani wa Kizanzibari aliyetushonea sare. Nilitaka anipunguzie gauni la kazi. Akanipima bega, akafungua daftari lake la vipimo, akapima tena. Kisha akavua miwani.

"Nani kakufia?"

"Sijafiwa, bibi. Ni kazi tu."

"Kazi haili bega. Mwaka jana hukuwa hivi, na nywele zako zilikuwa nyeusi. Nakuuliza tena, nani kakufia?"

Mama yangu alikuwa amefariki Singida miezi mitano nyuma. Habari ilinikuta mbele ya mashine ya mvuke, foronya mkononi. Likizo ilikuwa bado mwaka mzima. Nikajiambia, nitalia nikifika nyumbani, pale kaburini. Nikamaliza ile foronya. Sikumwambia msimamizi, wala wenzangu watano wa chumbani kwetu, mtaa wa Al Baraha. Wakiniuliza habari za nyumbani, nasema wazima wote. Hilo ndilo kosa langu, na nimewaona wengi huku wakilifanya: tunaweka kilio kwenye sanduku chini ya kitanda, pamoja na zawadi za kupeleka, kingoje tiketi.

Mwili wangu haukungoja. Mafua yakiisha, yanaanza mengine. Kidonda cha pasi mkononi, ambacho zamani kingekauka kwa wiki mbili, kilikuwa bado kibichi baada ya miezi miwili. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Njeri, Mkenya wa kitanda cha juu, alikuwa akinitania, "Shosho, tembea pole pole usivunjike." Shosho kwao ni bibi, na sisi tulikuwa tumezaliwa mwaka mmoja. Siku alipokiona kidonda aliacha utani. "Uko na ugonjwa na unaficha. Enda upimwe!"

Sikwenda. Viza yangu ilikuwa inaisha mwezi uliofuata, na huku anayeongeza viza hupimwa damu na kifua. Nilikuwa na hakika nina gonjwa la kunirudisha nyumbani. Basi nikafunga kitambaa, nikavuta mkono wa sare ukifunike.

Siku ile ya gauni, Bi Zuhura akakifungua kitambaa pale pale, bila kuniomba ruhusa. Nikasema neno moja tu, "Mama."

"Na tanga ulikaa wapi?"

"Sikukaa."

Nilidhani atanikumbatia. Alikasirika. "Mama mzima anazikwa, wewe unanyoosha mashuka ya watu! Nani alokwambia msiba unawekwa kiporo?"

Ijumaa iliyofuata akasogeza vyerehani ukutani, akatandika mkeka, akawaita wenzangu. Njeri alikuja na birika la chai. "Kwa nini hukutuambia, Shosho?" akasema, akalia kabla yangu. Bi Zuhura aliomba dua zake, Njeri akaanzisha wimbo wa kanisani, kisha wakaniambia nieleze mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alipenda kuimba akichekecha unga, na sauti yake ilikuwa mbaya sana. Tukacheka. Hapo ndipo nilipolia, hadi adhuhuri.

Siku ya pili Bi Zuhura alinipeleka kwa daktari, akawa ananitafsiria Kiarabu cha daktari. Daktari alitazama kidonda, kisha akaniuliza juu ya usingizi, chakula, na mara ya mwisho nilipofurahi. Akasema nina sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Ikikaa muda mrefu, kinga ya mwili huenda mrama, vidonda hukawia kupona, na mwili huweza kuzeeka kabla ya umri wake. Nikamuuliza, basi kidonda hiki ni cha mama? Akasema hawezi kuapa. Uchovu na kukosa usingizi navyo vimo, na wakati mwingine mwili unaougua ndio unaoleta huzuni. Mimi niliishia darasa la saba, nakupa kama nilivyopewa. Akanipa dawa, na siku za kurudi kuzungumza.

Vipimo vya viza vilitoka safi. Kidonda kilifunga, taratibu. Ila sitakudanganya, nywele hazikurudi kuwa nyeusi, na lile gauni lililopunguzwa nililivaa hadi nilipoacha kazi ya dobi.

Wiki iliyopita tumemzika Bi Zuhura, huku huku. Safari hii niliomba ruhusa kazini, nikakaa chini siku tatu pamoja na wanawe. Nimechoka, mwanangu. Lakini nimekaa.

Basi nisikilize. Habari ya msiba ikikukuta kazini, usimalize foronya. Mwambie mtu mmoja, hata kama ni wa kitanda cha juu anayekutania. Kaa chini siku utakazopata, hata kama ni Ijumaa moja kati ya vyerehani. Na huzuni ikikataa kuondoka, ukaona mwili unaanza kuchakaa, nenda kwa daktari, umweleze vyote viwili, mwili na msiba. Usione haya.

Mungu akulinde katika nchi ya watu. Akupe mtu wa kukuuliza mara ya pili, na akupe moyo wa kumjibu ukweli.