Bi Mita Alivyonyamaza

Bi Mita alikuwa na kinyongo, na tusimpambe. Wapo watu wakiudhiwa hulia, wapo wanaosamehe, na wapo wanaosahau tu kwa wingi wa shughuli. Yeye alikiweka. Alikikunja vizuri kama nguo ya harusini, akangoja siku yake ifike.

Jina hilo alipewa kiwandani, maana mfuko wa aproni yake haukukosa mita ya kupimia umeme. Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, meza sita na watu kumi na mmoja, wakiunda mashine za kutotolesha vifaranga. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyeandika programu inayokaa ndani ya chipu na kuamua lini koili iwake ipashe mayai joto, na lini feni izunguke iyapooze. Watu hudhani mashine inajua yenyewe. Haijui lolote. Kuna mtu alikaa chini akaumiza kichwa kwa ajili yake.

Aliyemharibia ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Bi Mita ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha kushika pasi ya kulehemu asiungue vidole, akamlisha nyumbani kwake miaka miwili. Shemeji alikuwa na shati lililonyooka na ulimi wa asali. Siku mwenye kiwanda alipotaka mtu wa kuwaeleza wageni mashine inavyofanya kazi, alijitokeza yeye, akatamka "programu yangu" mara saba. Bi Mita alihesabu.

Kisha ukaja msaidizi wa akili mnemba, yule unayemwandikia shida yako kwenye kompyuta akakupa programu nzima hujamaliza kukoroga chai. Shemeji akaona mlango umefunguka. Alimwendea mwenye kiwanda, akamwambia kwamba yeye na msaidizi wake wataandika upya kila kitu kwa wiki moja.

"Shemeji, umetufanyia makubwa," akamwambia Bi Mita mbele ya mafundi wote. "Sasa pumzika. Hata kompyuta zimechoka kukungoja."

Mafundi wakacheka. Bi Mita akahamishiwa meza ya kufungasha, kazi yake ikawa kuhesabu skrubu na kubandika lebo.

Mumewe alimwambia aache tu, yule ni ndugu. Bi Mita akamwitikia "sawa" ile ya kumaliza mazungumzo.

Bi Mita hakumchukia huyo msaidizi. Alimjaribu nyumbani, akamwona ni mwepesi, mpole, na ana tabia moja aliyoipenda sana: asipokuwa na hakika, anauliza. Aliyemchukia ni yule aliyeulizwa akajibu uongo.

Hili alilishuhudia kwa macho yake, siku ya Jumanne. Alikuwa anapita nyuma ya meza ya shemeji na boksi la skrubu, akaona kwenye kioo cha kompyuta swali la msaidizi: mchoro unaonyesha mguu wa saba wa chipu unaendesha feni na wa nane unaendesha koili, je, kuna mtu aliyeipima kwenye bodi yenyewe? Na chini yake, jibu la shemeji: *Nimepima mwenyewe. Bodi hii nimeichora mimi.*

Boksi lilitaka kumponyoka kwa furaha.

Maana bodi zile zilikuwa na kilema. Zilipoletwa mara ya kwanza, elfu tatu kwa mpigo, zilikutwa zimepishanishwa: njia ya feni ilikwenda kwenye koili, ya koili ikaenda kwenye feni. Mwenye kiwanda alikataa kuzitupa. Bi Mita akazigeuza amri hizo mbili ndani ya programu, mashine zikafanya kazi, na mchoro hakuna aliyejisumbua kuusahihisha. Ndivyo walivyozoea pale: kosa likipona, karatasi yake inaachwa hivyo hivyo. Shemeji angeliona hilo kwenye programu ya zamani, lakini aliifuta yote kwa kuwa kila ukurasa ulikuwa na jina la Bi Mita.

Kwa hiyo programu mpya ilikuwa safi na sahihi, kwa bodi ambayo haikuwepo duniani. Joto likipanda, ingeamuru feni ipooze, na koili ndiyo ingewaka. Bi Mita alijua. Angeweza kusema neno moja. Alikwenda kubandika lebo zake, akiimba chinichini.

Ijumaa akaja mteja, mama mfugaji wa kuku anayetaka mashine arobaini. Alikuwa na sharti moja: mtu mmoja aandike jina lake kwenye fomu na kutia sahihi kwamba programu ni yake na atajibu chochote kitakachotokea. Hiyo ndiyo nafasi Bi Mita aliyoililia miaka yote. Alimtazama shemeji akiandika jina lake kwa herufi kubwa, akajisemea moyoni, andika, andika vizuri, usikosee hata herufi.

Alichotegemea ni mashine kuwashwa tupu. Lakini yule mama akafungua kasha lililozungushiwa blanketi, akatoa mayai tisini ya siku ya kumi na tisa. Mengine yalikuwa yameshaanza kutoa sauti.

"Yamebakiza siku mbili," alisema, akiyapanga ndani taratibu. "Nimetaka yaanguliwe kwenye mashine yangu mpya."

Bi Mita akafungua mdomo. Shemeji akageuka, akamwona.

"Shemeji, mletee mgeni kiti basi, mbona umesimama tu?"

Akaufunga. Akaleta kiti.

Mashine ikawashwa, na joto la mayai yenyewe chini ya bati la mchana likavuka kipimo; feni ikaamriwa, koili ikawaka. Nyuzi thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kwenye arobaini king'ora kikalia.

"Msichomoe," shemeji alisema, jasho likimtoka. "Itajirekebisha yenyewe."

Arobaini na mbili. Akamwandikia msaidizi haraka haraka, akisahau kwamba kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na televisheni kubwa ukutani ili mgeni aone maajabu. Jibu likatokea, na yule mama akalisoma kwa sauti:

"Zima umeme sasa hivi, mayai yako hatarini. Dalili hizi zinaonyesha feni na koili zimepishana kwenye bodi. Jumanne niliuliza kama miguu hii imepimwa, ukajibu umeipima mwenyewe."

Mama mwenyewe ndiye aliyeng'oa waya ukutani. Namba ilisoma arobaini na sita.

Bi Mita akamtazama shemeji mpaka akaridhika. Utamu wake hausemeki. Alitoa mita, akapima mguu wa saba, akapima wa nane, akawaonyesha wote. Mwenye kiwanda akachukua ile fomu, akakata jina la shemeji, akampa Bi Mita fomu na kalamu.

"Ngoja," mama mfugaji alisema. Alikuwa amefungua mlango wa mashine, ameshika yai lililotobolewa kidogo kwa ndani. Alilisogeza sikioni, akasikiliza, hakusikia kitu, akalirudisha. Akachukua la pili. Akalirudisha.

"Mwanangu, ulijua?" akamuuliza Bi Mita.

Angeweza kukana. Hakuna ambaye angegundua.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na nilipokuwa nayapanga humu, ulikuwa umesimama wapi?"

Bi Mita alionyesha kwa kidole. Palikuwa hapo hapo, hatua mbili.

Mama akaichukua fomu mkononi mwa Bi Mita bila kumnyang'anya, akaikunja, akaitia mkobani. "Yule kadanganya kwa sababu hajui," alisema. "Wewe unajua. Siwezi kulaza mayai yangu mikononi mwa yeyote kati yenu." Akayarudisha mayai kashani, akalibeba, akatoka nalo zito kama alivyoingia nalo.

Shemeji alifukuzwa siku ile ile. Bi Mita amerudishiwa meza yake, na sasa anafanya kazi na msaidizi wa akili mnemba vizuri sana. Akiulizwa kama amepima, anapima. Nyumbani jina la shemeji halitajwi. Na ukimuuliza kama anajuta, atakuambia bila kupepesa macho kwamba angerudia yote tangu mwanzo, ila angeyatoa mayai kwanza.