Hatua Kumi na Mbili Mpaka kwa Faustini

Asubuhi ile tulikuwa tunafua. Tulipelekwa nchi ya jirani kulinda amani, ingawa amani yenyewe hatukuikuta, na kwa miezi miwili mimi nilikuwa nimelinda zaidi sufuria ya maharage. Hata kambini nilikuwa mtu wa nyumbani: nilijua kona yenye kivuli na saa ya chai. Faustini, tuliyetoka naye Songea, alikuwa anakamua soksi huku akinisimanga.

"Mngoni gani wewe? Babu zako walibeba mikuki, wewe umebeba mto wa kulalia."

"Babu zangu wamekufa wote. Mimi nataka kurudi."

Alicheka mpaka soksi ikamtoka mkononi.

Risasi zikaanza kutoka upande wa migomba.

Kwenye filamu adui ana sura, ana kovu, na muziki unakuonya kwamba anakuja. Mimi sikumwona mtu. Niliona majani yakikatika, nikajitupa mtaroni, nikayapiga majani yale mpaka risasi zikaniishia. Suruali ilikuwa imelowa, na hayakuwa maji ya kufulia.

Faustini alianguka chini ya kamba ya nguo. Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye.

Aliniita.

Akaniita tena.

Mara ya tatu sijui, maana nilikuwa nimeziba masikio.

Miaka ikapita. Jumapili moja, baada ya misa, mama yake Faustini alikuja kunitembelea kutoka Peramiho. Nikamwamkia, akaitikia, mke wangu akaleta chai. Runinga ilikuwa inaonyesha filamu ya vita, zile zenye mtu anayetafsiri kwa kelele. Kabla sijaipata rimoti, askari mmoja akakimbia katikati ya risasi, akampakata mwenzake. Majeruhi akaongea muda wa kutosha ugali kuiva, akafumba macho, nywele zake safi kabisa.

Mama akaweka kikombe chini.

"Na wewe ulimpakata hivyo, baba?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo, tena lilikuwa fupi.

"Ndiyo, mama. Nilimpakata."

"Basi hakufa peke yake."

"Hakufa peke yake."

Akaishika mikono yangu, akaiweka mashavuni kwake. Ilikaa pale muda mrefu. Sikujua namna ya kuiondoa.

Tangu hapo, kila mavuno ananiletea mahindi. "Ya mikono ile," husema. Mke wangu hunitania kwamba nimepata mama wa pili kwa kukaa tu kwenye kochi. Mahindi tunayala, na ni matamu.

Mwaka huu amekuja na fimbo, magoti yamechoka. Anasema kufa hakuogopi, kwa kuwa atamkuta mwanawe, watakaa, wataongea.

Ndipo atakapoambiwa.