Sadaka Iliyorudi kwa Bodaboda

Nakiri: kuku yule nilimrudisha mimi. Kwa miezi saba nililikana jambo hilo mbele ya mwinjilisti, mbele ya wazee wa kanisa, na mara moja katikati ya maombi, macho nimefumba.

Nilikuja Mpanda kujitolea mwaka mmoja katika kanisa dogo la mtaa wa pembezoni, mahali ambapo nyumba za tope zimebanana na wakati wa mvua abiria wa bodaboda huinua miguu. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, shahada mbili, na imani kubwa kwamba watu maskini walikuwa wananisubiri. Hawakuwa wananisubiri. Walikuwa na kazi zao. Waliniita "mtumishi", wakanipa kigoda, na kila nilipomaliza kufundisha waliniuliza kama nimekula.

Mwanafunzi wangu bora wa somo la Jumatano alikuwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliishi peke yake, akiuza mboga za majani, na cheti chake cha uraia alikitia kwenye fremu. Alikuwa na kuku mmoja, tetea wa kishingo, shingo tupu bila manyoya, mtagaji hodari. Mayai ya kuku huyo ndiyo yalikuwa sabuni yake, chumvi yake na kiberiti chake.

Jumapili ya mavuno akamleta kanisani kuwa sadaka, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge.

Ibada ikiisha kwetu, vitu vilivyotolewa hunadiwa palepale nje: maboga, mayai, mahindi, kuku. Mzee wa kanisa alimwinua yule kishingo juu. "Huyu ameokoka, jamani! Tazameni shingo, hana pa kuficha dhambi! Nani anaongeza?" Akashinda mgeni mmoja aliyekuwa safarini kwenda Sumbawanga, na watu wote wakamwona kuku akiingia kwenye gari na gari likiondoka.

Mimi sikuvumilia. Nikapanda bodaboda, nikamfuata mgeni mpaka kituo cha mafuta, nikamnunua kuku kwake. Kisha nikamkabidhi kuku dereva wangu, mtu mzima mwenye haraka, nikamwambia ampeleke kwa bibi na asitaje mtu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimejaa wema. Nilijiona kama picha ya kalenda.

Dereva alimweka kuku mlangoni, akasema, "Bibi, umerudishiwa," akaondoka.

Sasa, Jumatano iliyotangulia nilikuwa nimefundisha, kwa ufasaha ninaoujutia hadi leo, kwamba mtu mwenye ugomvi na mwenzake aiache kwanza sadaka yake, akapatane naye, ndipo aje kutoa. Bibi alimtazama kuku. Kitenge ni kilekile. Akaelewa kwamba Mungu ameangalia, amekataa, na ametuma bodaboda.

Asubuhi yake akaanza kuzunguka. Wa kwanza alikuwa muuza maandazi.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyesema maandazi yako yananuka mafuta ya taa."

"Kumbe ni wewe! Mwaka mzima simsalimii mama wa genge, nikijua ni yeye!"

Ikabidi muuza maandazi naye amwendee mama wa genge. Mama wa genge akalainika, akaenda kumrudishia jirani ndoo ambayo siku zote alikuwa akiapa kwamba haijui. Ndani ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa ukilia na kukumbatiana. Mimi nilikuwa nimehubiri toba miezi minne bila kumtoa mtu chozi. Kuku aliifanya kazi hiyo akiwa amefungwa miguu.

Mwinjilisti alifurahi mno. Aliuandika uamsho huo kwenye taarifa yake, kisha akaninyooshea kalamu. "Mtumishi, humjui kweli aliyemrudisha?"

"Mimi? Hapana."

Ningeweza kuishi na uongo huo vizuri tu, kama bibi naye angemaliza. Lakini alibaki mtu mmoja: wifi yake wa Sibwesa, waliyegombana naye msibani juu ya nani aliyeunguza wali. Wifi hakupokea simu. Na bila wifi, bibi hatoi. Kila Jumapili watu walipoinuka kupeleka sadaka, yeye alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, akitazama sakafu. Mimi nilikaa nyuma yake.

Kuku, kwa upande wake, alitotoa vifaranga tisa, na wote wakakua.

"Bibi, kula walau mayai," nilimsihi.

"Ya kanisa hayo, mtumishi. Mimi nawatunzia tu. Wananilia mtama wangu, halafu wanaringa kama wake wa wakubwa."

Alikuwa anakonda. Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimechachamaa, akaniambia amepata nafasi juu ya lori. Jumatatu anakwenda Sibwesa mwenyewe, na goti lake bovu.

Jumamosi alasiri nikampigia simu. Kutoka kwangu hadi kwake ni nyumba kumi na moja, lakini sikuwa na uso wa kwenda.

"Bibi, yule kuku nilimrudisha mimi."

Nikasikia kuku wakigombana upande wa pili.

"Wewe?"

"Nilimnunua kwa yule mgeni. Nilikuonea huruma."

"Kwa hiyo Mungu hakukataa?"

"Hakukataa, bibi."

"Wewe ndiye uliyekataa."

"Mimi ndiye."

"Ulinionaje, mwanangu? Kwamba mimi sina cha kutoa?"

Nilikuwa natafuta neno la kuombea msamaha, ndipo nikasikia kicheko kikimtoka kidogo kidogo, kisha chote.

"Yesu wangu! Na nimempigia magoti yule mama! Mtumishi, maandazi yake yananuka kweli!"

"Najua, bibi."

"Na wifi simpigii tena. Akitaka atapiga yeye. Lori nimelifuta."

"Sawa, bibi."

"Kesho uje mapema unibebee tenga, kuku kumi siwawezi. Halafu mnada ukianza, wewe kaa ndani. Nitamwambia mwinjilisti afunge mlango."