Maji ya Majivu Kwenye Chakula cha Baba

Kutoka Juba hadi Kitale nilisafiri siku nne, kwenye kiti cha mbele cha lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kupeleka simenti. Mpakani tulikaa siku nzima. Kabla ya Lodwar maji yalikuwa yamekata barabara, dereva akazima injini, akatandika mkeka chini ya lori na kulala. Yeye hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nayo, kwa sababu dada yangu alikuwa amenipigia simu mara tatu wiki ile.

"Figo za Papa zimechoka," aliniambia. "Daktari wa Bungoma amesema aache nyama na apunguze chumvi kabisa. Amempa miezi miwili, halafu wapime damu tena. Ikikuwa mbaya, ni kuoshwa damu na mashine. Na hasikii mtu! Wewe si ndio umekaa kwa jikoni za watu miaka hiyo yote? Njoo umpikie."

Ilikuwa kweli. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka Ndalu, kijijini kwetu, na tangu hapo nimehama kila mji mara tu nilipoanza kuuzoea. Nimeosha sufuria za Wahindi Kampala, nimekatakata vitunguu kwa Walebanoni kule Ghuba, na Juba nilifanya kazi chini ya mama wa Kihabeshi ambaye wakati wa mfungo wao alipika wiki nane bila nyama, bila maziwa, na wateja wakajaa. Nilijua chakula cha namna hiyo. Sikujua kama baba yangu angekila.

Dengu nilinunua Kitale sokoni, pamoja na kamande, zile dengu ndogo bapa, na simsim. Mama aliyeniuzia, ambaye watu wake walitoka sehemu za kati ya nchi zamani wakanunua shamba huko, alitaka kujua nani anaolewa, maana kwao kamande hupikwa harusini. "Kamande yote hii ni ya harusi?" Nilipomwambia ni ya mzee mmoja mgonjwa, akaniongezea kiganja kimoja.

Nyumbani Mama alinipisha jikoni. Kwetu mwanamume haingii jikoni; kaka zangu wadogo hawangeweza kuingia humo hata kuchukua maji. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kiasi kwamba mambo mengine nilisamehewa.

Nilianza na mkate wa Kihabeshi, ule mpana wenye vishimo. Teff, nafaka yao ya mkate huo, ilikuwa haipatikani, nikachachusha unga wa wimbi siku tatu, nikauchoma kwenye kikaango cha chapati. Baba alikula kwa sababu ya wimbi. Mchuzi wa dengu uliokuwa juu yake aliusukuma pembeni.

"Hii ni chakula ama ni dawa?"

"Ni chakula, Papa."

"Basi mbona ina ladha ya dawa?"

Kamande na wali nilivipamba kwa vitunguu vya kukaanga, akala vitunguu tu. Wiki ya pili alikuwa amekonda shingo. Usiku nilimsikia Mama akimbembeleza kupitia ukutani. Chakula kisicho na chumvi kilikuwa kinanishinda, na siku zilikuwa zinakwenda.

Ndipo nikaona kopo la Mama lenye matundu likining'inia nyuma ya mlango. Kwetu maganda ya maharagwe hukaushwa na kuchomwa, majivu yakatiwa kwenye kopo, maji yakamwagwa juu, na yanayodondoka chini, mekundu kama chai ya rangi, ndiyo munyu. Bibi alipikia munyu kila mboga. Unalainisha kunde, unaondoa ukali, na unaacha ladha ambayo mtu wa kwetu huitambua kabla hajatafuna.

Mama aliniuliza mara moja tu. "Daktari alisema chumvi. Hii nayo si ni chumvi?"

Nikamjibu kama mtu aliyetembea dunia. "Mayi, hii ni majivu tu."

Nilichemsha njugu mawe kwa munyu hadi zikapasuka, nikazisaga kwenye jiwe pamoja na simsim, nikakamua limau. Walebanoni husaga hivyo hivyo dengu zao kubwa. Hii ilikuwa yetu. Baba alichovya kipande cha ugali, akachovya tena. Akamaliza bakuli. Kuanzia siku hiyo nilitia munyu katika kila kitu.

Wiki ya sita akaja mzee wa rika la Baba, aliyetahiriwa naye mwaka mmoja, ambaye kwa hiyo ana ruhusa ya kumwambia lolote. Alikuja na jogoo.

"Nimesikia unalishwa kama sungura! Nikasema hapana, siwezi zika mwenzangu na majani kwa mdomo."

"Utanizika ukiwa na meno gani?" Baba alisema.

"Na huyu kijana yako bana, miaka thelathini huko nje, ati amerudi na sufuria. Wenzake wanarudi na bibi!"

Dada alichinja, akapika, na firigisi ikawekwa mbele ya Baba, kwa sababu kwetu ni ya mwenye nyumba, haiwekwi mahali pengine. Mgeni akaacha kucheka. "Kula. Firigisi haijaua mtu."

Sikuweza kumtazama Baba. Niliona mkono wake tu. Uliichukua firigisi, ukakaa nayo hewani, kisha ukaiweka kwenye sahani yangu. Mbele ya mgeni wake, mbele ya kaka zangu. Akavuta bakuli la njugu mawe.

Nilidhani tumeshinda.

Miezi miwili ilipotimia, Bungoma tulikwenda asubuhi kwa kupitia Webuye, Baba amevaa koti lake la kanisani. Daktari, msichana wa umri wa mtoto ambaye ningekuwa naye, aliangalia karatasi ya damu, akatuangalia, akaiangalia tena. Ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza.

"Mzee anakula nini? Niambie kila kitu."

Nilimtajia kwa fahari kidogo. Nilipofika kwenye munyu aliweka kalamu chini.

"Munyu wa majivu? Kila siku?" Alisema polepole, bila kunigombeza, kwamba majivu yale yana chumvi yake, ya namna ambayo figo dhaifu haziwezi kuitoa, na ikijaa kwenye damu moyo husimama. Hata kunde na njugu, alisema, zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena, ili chumvi hiyo itoke. Baba alilazwa siku tano. Mashine haikuhitajika, mara hii.

Siku aliyorudi nyumbani aliniita uani.

"Sina hasira na wewe," alisema. "Ulitaka nipone. Lakini nikiona mkono wako kwa sahani, tumbo linakataa. Naogopa. Mama yako akipika nitakula."

"Basi nitakaa tu, Papa. Sitapika."

"Utasimama mlangoni ukionja. Nakujua. Na mama yako hawezi kushika mwiko ukiwa hapo, anakuonea aibu." Akatazama mikono yake. "Enda. Na usirudi kwa sababu yangu."

Siku tatu nilimwelekeza Mama, kisha nikagundua kwamba alikuwa ameyashika yote kwa kunitazama. Jumamosi alichemsha njugu, akamwaga maji, akachemsha tena, akasaga na simsim, akatia limau na dania. Hapakuwa na munyu. Alimpelekea Baba, nami nikabaki nje ukutani na mkoba wangu chini.

Mama alipotoka bakuli lilikuwa tupu. Alilielekeza kwangu nione ndani. Nikainua mkoba, nikaenda barabarani.