Maandishi Chini ya Kitambaa

Sasa naweza kucheka, ila siku ile nilitamani ardhi inimeze. Mimi ni seremala hapa Runyenjes, na nilikuwa nimeunda mwenyewe mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, kwa mota za printa mbovu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa msalaba wa kaburi. Karakana yangu haina meza iliyonyooka, kwa hivyo mke wangu Wawira alipoenda shuleni kufundisha, nikaifunga mashine juu ya meza yetu ya chakula. Ikachonga vizuri mpaka nikaimba. Nilipoinua ubao, nikaona meza nayo imechongwa. Nilikuwa nimekosea kipimo cha kina, na herufi zote zilikuwa zimetoboa ubao zikaingia mezani.

Nikatandika kitambaa cha kufuma juu yake, nikajiona mjanja.

Jumamosi wazazi wa Wawira wakaja kwetu kwa mara ya kwanza. Baba mkwe akapakuliwa mukimo, chai ikamwagika, na Wawira akakivuta kitambaa kabla sijafungua mdomo. Mzee akasoma polepole, kidole kikifuata herufi: "Pumzika kwa amani."

Kisha akanisukumia sahani yake.

"Mwanangu, anza wewe kula."